Arua, Koboko na Historia ya Kupima Pumzi ya Seli

Mwalimu wa sayansi anapowaambia wanafunzi wake kwamba seli hupumua, hakosi mmoja wa kuuliza: "Yapumua kwa pua gani?" Darasa zima hucheka, lakini swali lenyewe si la mzaha. Katika lugha yetu kupumua ni kazi ya pua, kifua na mapafu, na aliyekata pumzi amekufa. Yawezekanaje basi kitu kisichoonekana kwa macho, kisicho na kinywa wala pua, kisemwe kwamba chapumua? Na kama chapumua, ni nani aliyeiona pumzi hiyo?

Katika makala hii twakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutaeleza jinsi wataalamu walivyojifunza kuipima pumzi ya seli hai, na hatimaye kuipiga picha kwa mwanga. Vyombo vyenyewe vilitengenezwa mbali, lakini sisi tutaanzia Arua na Koboko, katika eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Twafanya hivyo kwa sababu watoto wa huko walitoa mchango mkubwa katika elimu ya seli, na mchango huo haujaelezwa vya kutosha katika lugha ambayo wengi wao huisikia sokoni kila siku.

Hospitali ya Kuluva

Mji wa Arua uko karibu na mpaka wa Kongo. Msafiri akielekea kaskazini kiasi cha kilometa 55 hufika Koboko, nchi ya Wakakwa, karibu na mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Biashara, uaskari na mpaka vilikileta Kiswahili katika miji hii miwili tangu zamani, kikatumika pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala. Katika miaka ya 1960 Koboko ilikuwa sehemu ya Wilaya ya West Nile, iliyotawaliwa kutoka Arua. Ilikuja kuwa wilaya ya peke yake mwaka 2005.

Kusini mwa Arua iko Kuluva, hospitali ya misheni iliyoanzishwa na daktari Mwingereza, Ted Williams. Habari zetu zaanzia hapo, lakini kwanza hatuna budi kupita Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa, katika hospitali ya Mulago, mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao leo duniani kote huitwa kwa jina lake. Ni saratani ya watoto, nayo hukua kwa haraka ya kutisha: uvimbe waweza kuongezeka maradufu katika siku chache tu.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huo waenea mpaka wapi. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye, Williams wa Kuluva na daktari mwenzao Cliff Nelson walifunga safari kwa gari kuukuu. Walikwenda kiasi cha maili 10,000 kwa muda wa wiki kumi hivi, wakiingia hospitali moja na kutoka nyingine, wakionyesha picha na kuuliza: "Mmepata kumwona mtoto wa namna hii?" Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua. Katika nyanda za juu zenye baridi, na katika nchi kavu, ulikuwa haba. Kwa sababu hiyo wengine walianza kuwafikiria mbu na malaria.

Aliporudi Kuluva, Williams aliendelea na kazi ya subira. Kwa kila mgonjwa yalitakiwa mambo mawili: mtoto aliishi wapi, na ugonjwa ulimwanza lini. Mwaka 1967 Williams, pamoja na M. C. Pike na D. H. Wright, walichapisha habari za wagonjwa wa West Nile wa miaka 1961 hadi 1965. Walionyesha kwamba wagonjwa walioishi karibu karibu walielekea pia kuugua katika nyakati zilizo karibu karibu, kuliko ambavyo bahati peke yake ingeweza kuleta. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulitokea kwa vishada. Msomaji na alishike neno hilo, maana tutakutana na vishada vya namna nyingine hivi punde.

Chupa iliyovurugika

Mwezi wa Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vipelekwe kwa ndege kutoka Uganda hadi maabara yake. Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikaelekezwa Manchester. Kipande kilipofika London kwa kuchelewa, majimaji ndani ya chupa yalikuwa yamevurugika, kana kwamba yameingiliwa na bakteria. Wengine wangeimwaga. Epstein alilitazama tone chini ya hadubini, akaona seli za uvimbe, zi hai, zikielea.

Kutokana na seli hizo Epstein na Yvonne Barr waliotesha kizazi cha seli kilichoendelea kuishi katika maabara, na mwezi wa Machi 1964 wao pamoja na Bert Achong walitangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kipya, kinachojulikana kama kirusi cha Epstein na Barr. Hiki ndicho kirusi cha kwanza kilichokuja kuthibitika kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu.

Lipo jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Seli za namna hii zinapooteshwa hazing'ang'anii kioo; huelea, na nyingi hukusanyika na kuwa vishada. Mtoto wa Uganda alikuwa amelala hospitalini, na vishada vya seli zake vilikuwa vikiishi London katika chupa, vikila sukari na kutumia oksijeni. Tukisema kwamba seli hizo zilikuwa hai, maana yake hasa ni hiyo.

Kutoka neli ya Warburg mpaka mwanga

Pumzi ya seli ilikuwa imekwisha kupimwa zamani. Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, Otto Warburg alikata vipande vyembamba vya nyama iliyo hai, akavitia katika chupa ndogo iliyofungwa na kuunganishwa na neli yenye majimaji. Hewa ya kaboni iliyotolewa na seli ilinyonywa na dawa iliyowekwa ndani. Kwa hiyo seli zilipotumia oksijeni, kani ya hewa chupani ilipungua, na majimaji yalisogea katika neli. Kwa kuusoma msogeo huo Warburg alijua oksijeni kiasi gani imetumika. Hapo ndipo mwanafunzi wetu apatapo jibu la kwanza: seli haina pua, lakini oksijeni iliyo kando yake hupungua, na upungufu huo hupimika.

Warburg aligundua jambo la ajabu. Seli za uvimbe zilichachusha sukari kwa wingi hata mahali penye oksijeni ya kutosha. Uchachushaji huo wafanana na ule wa kwete, pombe ya mahindi inayopikwa West Nile, ila zao lake si kileo bali ni asidi ya laktiki, ile inayopatikana katika maziwa yaliyoganda. Tena alitumia mwanga. Alionyesha kwamba sumu ya monoksidi ya kaboni huzuia pumzi ya seli, na kwamba seli zikimulikwa, pumzi hurudi. Kwa kupima ni mwanga wa rangi ipi uliorudisha pumzi zaidi, aliitambua tabia ya kimeng'enya kinachoongoza upumuaji, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931.

Neli ya Warburg ilipima jumla tu. Mwaka 1956 Leland Clark, Mmarekani, alieleza elektrodi yake ya oksijeni: kipande cha madini kilichofunikwa kwa utando mwembamba. Oksijeni inayopenya utando hupokea elektroni, na mkondo wa umeme hupita. Oksijeni ikiwa nyingi mkondo huwa mkubwa, ikiwa chache huwa mdogo. Chombo hiki ni kama mjumbe aliyetumwa kijijini kuuliza nyumba moja moja: "Mna chakula kiasi gani?" Hujibu kweli, lakini kwa mahali pale tu aliposimama.

Haja ya kuona mahali pengi kwa pamoja ilitokana na vishada. Mwaka 1955 Thomlinson na Gray, huko Uingereza, walichunguza uvimbe wa mapafu wakaona kwamba seli zilizo mbali na mishipa ya damu hufa. Oksijeni haiwezi kupenya katika nyama hai zaidi ya sehemu ndogo ya milimita, kwa sababu seli za njiani huitumia kabla haijafika mbele. Aliyepata kuona tanuri la mkaa atafahamu: kuni zilizofunikwa udongo haziwaki kama zile za mekoni, maana hewa haizifikii. Mwaka 1971 Sutherland na wenzake walieleza jinsi ya kuotesha seli za uvimbe ziwe matufe madogo, ili mtu aweze kuichunguza hali hiyo katika maabara. Nje ya tufe seli hupumua na kuzaana. Ndani hukosa oksijeni, na katikati kabisa hufa. Jambo hili lina uzito katika tiba, maana seli zenye njaa ya oksijeni huihimili mionzi kuliko nyingine.

Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Texas, Tokel na Bard walichapisha habari za kiungo cha madini ya rutheni ambacho hutoa mwanga kinapoguswa na umeme juu ya elektrodi. Hakuna taa inayomulika. Umeme wenyewe ndio unaoamsha mwanga kutoka katika kemikali. Ugunduzi wa namna hii ulikuja kutumika katika mashine za hospitali zinazopima damu. Baadaye wataalamu, wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, Japani, waliutumia mwanga wa namna hiyo kuipiga picha pumzi ya vishada vya seli.

Njia yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kishada cha seli hai huwekwa juu ya bamba la elektrodi, ndani ya majimaji yenye kemikali inayoamshwa na umeme. Kemikali huchaguliwa ili mwanga wake ubadilike kwa kadiri ya oksijeni iliyopo. Umeme unapopitishwa, bamba zima hung'aa kwa mwanga hafifu, ila mahali pale ambapo kishada kimekwisha kutumia oksijeni mwanga huwa tofauti na wa kandokando. Kamera iliyo juu huuandika mwanga huo wote mara moja. Seli haichomwi sindano, wala haikatwi kama vipande vya Warburg. Mjumbe hahitaji tena kwenda nyumba kwa nyumba. Ni kama mtu aliyesimama kilimani usiku akiutazama mji, akatambua kwa taa zake ni mtaa upi ulio macho na upi uliolala.

Damu ya watoto 42,000

Turudi sasa West Nile, kwa maana mwaka huo huo wa 1972 mwanga wa namna nyingine ulianza kutumika kwa ajili ya watoto wa huko. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitaka kujua kama kirusi cha Epstein na Barr huja kabla ya ugonjwa au huufuata tu. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumchunguza mgonjwa, kwani yeye amekwisha kuugua. Ilihitajika damu ya watoto wazima, ichukuliwe, ihifadhiwe, kisha watu wasubiri.

Kati ya mwaka 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 wa West Nile, kuanzia wachanga hadi wa miaka minane, walitolewa damu. Kazi iliongozwa kutoka Arua, na majimaji ya damu yalihifadhiwa katika baridi kali. Kuanzia hapo wachunguzi walikaa macho. Kila mtoto wa wilaya aliyepatikana na uvimbe wa Burkitt alitafutwa katika orodha: je, tunayo damu yake ya siku alipokuwa mzima?

Damu hiyo ilipimwa kwa mwanga. Tone la majimaji ya damu ya mtoto liliwekwa juu ya seli zilizooteshwa kutokana na uvimbe wa Burkitt. Kama damu ilikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi, kingamwili hizo zilishika seli. Kisha zikatiwa rangi inayong'aa chini ya mwanga maalumu. Majimaji yalizimuliwa mara kwa mara, na kipimo kilikuwa ule mzimuo wa mwisho ambao bado uling'aa. Kwa hiyo seli za mtoto mmoja wa Afrika, zilizodumu katika chupa, ndizo zilizosaidia kuisoma damu ya mwingine.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1978 na Guy de-Thé na wenzake. Katika watoto wote wale, 14 walikuwa wameugua, miezi 7 hadi 54 baada ya kutolewa damu. Watoto ambao kingamwili zao zilizidi wastani wa wenzao kwa mizimuo miwili au zaidi walikuwa na hatari ya kuugua mara 30 hivi. Kirusi kilikuwa kimetangulia. Msomaji na afikiri juu ya hesabu hiyo: ili watoto 14 waweze kutoa ushahidi, watoto wapatao 42,000 walinyosha mikono.

Ufuatiliaji ulikoma mwaka 1979. Mwaka huo vita vilivyouangusha utawala wa Idi Amin vilifika West Nile; mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika Arua na Koboko. Mwezi wa Oktoba 1980 mapigano yalizuka tena, na watu wengi wa miji hiyo na vijiji vyake walikimbilia Zaire na Sudan. Damu yao ilikuwa salama Ulaya wakati wao wenyewe walikuwa wakitafuta pa kulala.

Njia mbili zinakutana

Yaweza kuulizwa: damu ya Arua na picha za Sendai zahusianaje? Zahusiana kwa njia ya seli yenyewe. Mwaka 1982 wataalamu walionyesha kwamba katika uvimbe wa Burkitt jeni iitwayo MYC imehamishwa kutoka mahali pake katika kromosomu, ikawa haitulii. Mwaka 1997 Chi Dang na wenzake walionyesha kwamba MYC huamsha kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya laktiki, yaani uchachushaji ule ule wa Warburg. Walipokipunguza kimeng'enya hicho katika seli za Burkitt, uwezo wa seli hizo wa kuota na kuwa makundi ulipungua sana. Basi haraka ya uvimbe ule wa taya, uliomshangaza daktari wa Mulago, ina sababu mojawapo katika namna seli inavyokula na kupumua. Na ndiyo maana picha ya pumzi ya kishada si pambo: mtaalamu akitia dawa aweza kuona, seli zikiwa bado hai, kama pumzi yao imebadilika.

Hata hivyo tusizidishe sifa. Njia hii ya picha ni chombo cha maabara, haijawa tiba. Watoto wa Burkitt walipona, na hupona, kwa dawa kama siklofosfamidi, ambazo zilijaribiwa Kampala tangu miaka ya 1960, na ambazo ndizo zilizosababisha kuanzishwa kwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 1967. Na mtoto anayefikishwa hospitalini mapema bado ana heri kuliko yule anayecheleweshwa, hata kama maabara zote za dunia zitapata picha nzuri.

Deni letu

Watoto waliotolewa damu kati ya 1972 na 1974, wale walio hai, leo wana miaka hamsini na zaidi. Ni wazee wa Arua, wa Koboko na vijiji vya pande zote. Wengine ni mabibi na mababu. Kati ya mwaka 2010 na 2016 utafiti mwingine mkubwa wa ugonjwa huu ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania, na Kuluva ilikuwamo tena. Huenda wajukuu wa wale waliochomwa sindano wamechomwa pia.

Matokeo ya mwaka 1978 yalichapishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kimetangazwa kuwa lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973, wakati damu ilipokuwa ikichukuliwa, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua tena kukipa nafasi rasmi na kukifundisha shuleni. Kwetu sisi walimu tangazo halitoshi. Lugha hupata heshima inapoweza kumweleza mzee wa Koboko, bila kumpotosha na bila kumdharau, damu yake ilifanya kazi gani.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wasilikimbie neno pumzi. Wako wanaoona kwamba ni heri kutumia neno la kigeni kwa seli, ili wanafunzi wasichanganyikiwe. Sisi twaona kinyume. Mwanafunzi aelezwe kwanza kwamba pumzi ya kifua ni safari ya hewa, na pumzi ya seli ni matumizi ya oksijeni iliyoletwa na safari hiyo. Ya kwanza ni mchukuzi afikishaye mzigo, ya pili ni mwenye nyumba anayeutumia. Akifahamu hayo, neno moja litamtosha kwa yote mawili, naye ataona kwa nini aliyekata pumzi hufa: seli zake zimekosa mzigo.

Na yule atakayeuliza tena, "Yapumua kwa pua gani?", asichekwe. Aambiwe habari za neli ya Warburg, za bamba linalong'aa, na za chupa iliyovurugika. Kisha aambiwe kwamba watoto wa rika lake, huko Arua na Koboko, walinyosha mikono ili swali kama lake lipate jibu.